Mwisho Unaowagawa Wasomaji: Toleo la Kumi na Mbili la Watchmen na Somo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeulizwa kuhusu ufaafu wa mwisho wa riwaya iliyoteuliwa. Wenzake wote waliandika kuwa mwisho unafaa, wakatoa hoja tano kama zilivyo katika mwongozo. Yeye aliandika kuwa mwisho haufai kwa sababu mwandishi anamwokoa mhusika mkuu kwa sadfa ambayo hakuiandalia njia mahali popote katika kitabu. Akataja sura. Nilimpa alama mbili kati ya kumi na kuandika pambizoni, "Soma mwongozo."

Nimeikumbuka insha hiyo mara nyingi tangu nilipopata kitabu kimoja kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba jijini Nairobi. Kitabu chenyewe si cha Kiswahili wala hakimo katika silabasi. Ni hadithi ya katuni inayohusu mashujaa wenye kuvaa barakoa, nayo inaitwa Watchmen. Usishtuke, msomaji. Sina nia ya kukushawishi uwapeleke wanafunzi wako kwenye katuni kabla ya mtihani. Nia yangu ni kukuonyesha jinsi wasomaji wa kazi hii walivyogawanyika kuhusu toleo lake la mwisho kwa zaidi ya miaka 35, na jinsi mgawanyiko huo unavyoweza kutufundisha kuhakiki mwisho wa kazi yoyote ya fasihi. Tutatazama kazi yenyewe kwa ufupi, kisha maoni makuu ya wasomaji, na hatimaye tutoe kanuni chache zitakazomfaa mtahiniwa.

Kazi yenyewe kwa ufupi

Watchmen iliandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, wote Waingereza. Rangi zilitiwa na John Higgins. Ilichapishwa na kampuni ya DC Comics ya Marekani katika matoleo 12, la kwanza likiwa na tarehe ya Septemba 1986 na la mwisho Oktoba 1987. Baadaye matoleo hayo yalikusanywa kuwa kitabu kimoja. Mwaka 1988 kazi hii ilipata tuzo ya Hugo, na mwaka 2005 jarida la Time liliiorodhesha miongoni mwa riwaya 100 bora za Kiingereza tangu 1923. Jina lake linatokana na swali la kale la Juvenal, mshairi wa Kirumi, aliyetaka kujua walinzi nao walindwe na nani.

Mandhari ni Marekani ya mwaka 1985, lakini Marekani ya kubuniwa. Richard Nixon bado ni rais, na Marekani ilishinda vita vya Vietnam kwa msaada wa Dkt. Manhattan, mtu aliyepata uwezo unaokaribia wa kiungu baada ya ajali ya maabara. Ni yeye pekee mwenye nguvu za ajabu. Wengine ni binadamu wa kawaida waliojitwika kazi ya kupambana na wahalifu hadi serikali ilipowapiga marufuku mwaka 1977. Miongoni mwao yumo Rorschach, anayeshika msimamo bila kulegeza hata kidogo. Dan Dreiberg na Laurie Juspeczyk, wanaoishi na kumbukumbu za ujana wao. Na Adrian Veidt, mwenye akili nyingi kuliko wote, aliyegeuka mfanyabiashara tajiri. Hadithi inaanza kwa kifo. Edward Blake, mmoja wao, anatupwa kutoka dirishani, na Rorschach anaanza kumtafuta muuaji. Wakati huohuo dunia inakaribia vita vya nyuklia kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti.

Kinachotokea katika toleo la mwisho

Muuaji ni Veidt mwenyewe. Ameona kuwa vita vya nyuklia haviepukiki, akaamua kuwapa maadui wawili adui wa tatu. Kwa miaka mingi amekusanya kwa siri wasanii, waandishi na wanasayansi kisiwani ili waunde kiumbe wa kutisha mfano wa ngisi mkubwa, na usiku wa manane wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1985 anamtuma katikati ya New York. Kiumbe huyo anakufa papo hapo, na mshtuko wa akili anaoutoa unaua karibu nusu ya wakazi wa jiji. Dunia inaamini kuwa imevamiwa kutoka sayari nyingine. Wamarekani na Warusi wanaacha uhasama ili wajihami pamoja.

Wenzake wanapomfikia katika ngome yake kwenye barafu ya Antaktika, wanakuta mambo yamekwisha kutendeka. Hapa ndipo Moore anapovunja desturi. Katika hadithi za kawaida za aina hii, mhalifu hueleza mpango wake kisha shujaa akauzuia sekunde ya mwisho. Veidt anaeleza mpango wake dakika 35 baada ya kuutekeleza.

Linabaki swali moja. Je, waseme ukweli? Wakisema, vita vitarudi na mamilioni watakuwa wamekufa bure. Wakinyamaza, muuaji wa halaiki atabaki huru na amani itasimama juu ya uongo. Dan, Laurie na Dkt. Manhattan wanakubali kunyamaza. Rorschach anakataa, anatoka nje kwenye theluji, anavua barakoa huku akilia, na Dkt. Manhattan anamuua. Lakini kabla ya safari hiyo Rorschach alikuwa ametuma shajara yake kwa gazeti moja dogo la siasa kali. Katika picha ya mwisho kabisa kijana wa gazeti hilo ananyoosha mkono kuelekea rundo la barua ambamo shajara imo. Hatuonyeshwi kama ataiokota.

Msomaji alitarajia nini?

Kabla hatujayatazama maoni yenyewe, inafaa tujiulize msomaji alikuja na nini mkononi. Hans Robert Jauss, mwasisi mmoja wa nadharia ya upokezi nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, alisisitiza kuwa hakuna msomaji anayefungua kitabu akiwa mtupu. Kila mmoja huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Kazi ikitimiza matarajio hayo, msomaji hustarehe. Ikiyavunja, msomaji hukasirika au hujifunza, na mara nyingi hufanya yote mawili.

Msomaji wa katuni za mashujaa wa Kimarekani mwaka 1987 alizoea kuona shujaa akishinda na dunia ikiokolewa ili toleo la mwezi ujao lipate kuendelea. Alisoma toleo moja, akasubiri kwa wiki kadhaa, akakisia na wenzake. Toleo la 11 lilipomwacha na mwanga mweupe ulioifunika New York, alikuwa na muda wa kutosha wa kujitungia mwisho wake mwenyewe. Toleo la 12 halikuwa na budi kushindana na miisho yote hiyo. Anayesoma leo kitabu kilichokusanywa hupindua ukurasa tu. Wawili hawa hawajasoma mwisho mmoja ijapokuwa maneno na picha ni zilezile.

Sasa jiulize: msomaji aliyelelewa katika mighani ya Waswahili angetarajia nini? Mtahiniwa yeyote anaweza kutaja sifa za jagina wa mighani. Ana nguvu zisizo za kawaida, anapigania watu wake, ana siri ya udhaifu wake, na mwisho wake ni wa kusikitisha, aghalabu kwa usaliti wa mtu wa karibu. Fumo Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Hata baada ya kufa anabaki amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Katika tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyochota kutoka mighani hiyo, Mwelusi anauawa kisimani kwa mkono wa Gege. Kwetu sisi, basi, jagina kushindwa si jambo geni. Kifo cha Rorschach kwenye theluji, mikononi mwa mtu aliyekuwa wa kundi lake, hakingemshtua mjukuu wa Liyongo kama kilivyomshtua kijana wa Chicago. Pengine jambo la kumshtua lingekuwa kwamba msaliti anaachwa astarehe.

Mitazamo ya wasomaji

Maoni ya wasomaji kuhusu toleo hili ni mengi, lakini mengi yake yanazunguka mambo manne.

(a) Je, kiumbe wa Veidt anasadikika?

Hili ndilo lalamiko la kale zaidi. Wapo wanaosema kuwa hadithi iliyojengwa kwa uhalisia wa sura kumi na moja inaharibika kwa kuleta ngisi kutoka mbinguni. Kwao ni kama mpishi aliyepika pilau vizuri kisha akamwagia uji. Wengine wanaongeza kuwa wazo lenyewe si jipya. Len Wein, mhariri aliyeshughulikia kazi hii mwanzoni, hakuridhika na mwisho huo kwa kuwa ulifanana na kipindi kimoja cha mwaka 1963 katika mfululizo wa televisheni wa The Outer Limits. Inavutia kuona kwamba katika toleo la mwisho televisheni inatangaza mfululizo huohuo. Moore hakuficha deni lake.

Wanaoutetea mwisho hurejelea matini. Taarifa za wasanii na waandishi waliotoweka zimetajwa mapema. Kisiwa tumekionyeshwa. Hadithi ya maharamia ambayo mvulana mmoja anaisoma karibu na meza ya muuza magazeti imetungwa na mmoja wa hao waliotoweka. Kwa lugha ya darasani, mwandishi ametumia kisengere mbele, na anayerudi kusoma mara ya pili hukuta nyayo kila mahali. Hapa mtahiniwa aone tofauti muhimu. Kusema "sikutarajia" si sawa na kusema "hakukuandaliwa". Sentensi ya kwanza inamhusu msomaji. Ya pili inaihusu kazi, nayo inadai ushahidi.

Filamu iliyoongozwa na Zack Snyder mwaka 2009 ilimwondoa ngisi. Humo miji kadhaa inalipuliwa kwa nguvu zinazofanana na za Dkt. Manhattan, na lawama zinamwangukia yeye. Baadhi ya wasomaji walifurahi, wakisema mwisho huo unafungamana vizuri zaidi na wahusika waliopo. Wengine walipinga kwa hoja nzito: Dkt. Manhattan anajulikana duniani kote kuwa silaha ya Marekani. Kama yeye ndiye aliyeshambulia, Warusi wangeilaumu Marekani badala ya kuungana nayo. Ngisi, pamoja na ugeni wake, hana pasipoti. Tazama basi: kitu kilichoonekana udhaifu kwa wengine kinaonekana kuwa mhimili kwa wengine, na pande zote mbili zinajenga hoja kutokana na mantiki ya msuko.

(b) Je, Veidt alitenda haki?

Kundi la kwanza linahesabu. Wamekufa mamilioni, wamepona mabilioni. Veidt, wanasema, ndiye pekee aliyefanya kitu huku wengine wakilalamika. Kundi la pili linauliza ni nani aliyempa kalamu ya kuandika nani afe. Aidha, uhakika wake kwamba vita vingetokea ulikuwa wake mwenyewe. Hakuna aliyeupima.

Ukitaka kujua matini inaegemea wapi, tazama mambo mawili. Kwanza, toleo la 12 linafunguka kwa kurasa sita, kila moja ikiwa na picha moja kubwa ya maiti mitaani. Kazi hii kwa kawaida hugawa ukurasa katika visanduku tisa, kwa hiyo jicho linalazimika kusimama. Na maiti hao si wageni. Tumeishi nao kwa matoleo kumi na moja: muuza magazeti mwenye domo, mvulana msoma katuni, daktari wa akili aliyejaribu kumsaidia Rorschach. Wengi wao walipokufa walikuwa wakijaribu kuamua ugomvi wa wapenzi wawili barabarani. Hesabu ya Veidt inawaita idadi. Mwandishi ametufanya tuwajue kwa majina.

Pili, iko ile hadithi ya maharamia. Mhusika wake anakimbia kuwaokoa jamaa zake, njiani anaua wasio na hatia kwa kuamini anatenda mema, na mwishowe anaogelea kuelekea meli ya waliolaaniwa. Karibu na mwisho wa toleo la 12 Veidt anadokeza kuwa huota ndoto ya kuogelea kuelekea kitu cha kutisha, kisha anaikatiza kauli yake. Hii ni hadithi ndani ya hadithi inayotumika kama jazanda. Kisha anamuuliza Dkt. Manhattan kama hatimaye alitenda sawa, naye anajibiwa kuwa hakuna jambo lililo na hatima, na kuachwa peke yake akiwa na wasiwasi usoni. Kinaya ni kikubwa: mwenye akili kuliko wote anaomba hakikisho, na hapewi.

(c) Je, Rorschach ni shahidi au ni mkaidi?

Wasomaji wengi walimpenda Rorschach kupita wote. Ni yeye asiyeuza ukweli kwa bei yoyote. Analia, lakini hasongi nyuma. Moore mwenyewe amewahi kueleza katika mahojiano kuwa hakumkusudia awe kielelezo cha kuigwa. Alimwona kama onyo la jinsi mtu wa aina hiyo angekuwa katika maisha halisi: mpweke, mchafu, mwenye chuki, anayevunja watu vidole ili apate habari.

Nani ana haki hapa, mwandishi au wasomaji? Wanafunzi wetu wengi hujibu haraka kuwa mwandishi ndiye ajuaye. Mimi nasema, tusimpe mwandishi kiti cha hakimu baada ya kitabu kutoka mikononi mwake, wala tusimfukuze mahakamani. Matini inatuonyesha yote mawili: chuki ya mtu huyu, na ujasiri wake wa mwisho. Mhakiki anayetaja upande mmoja tu hajakamilisha kazi. Kumbuka pia kuwa Rorschach, aliyehubiri kwamba pasiwe na suluhu hata dunia ikiteketea, anavua barakoa kabla ya kufa. Anayekufa ni Walter Kovacs, mtu mwenye uso. Je, huko ni kushindwa au ni kurudi katika ubinadamu? Hapo mjadala ungali wazi.

(d) Je, amani hiyo ingedumu?

Wasomaji wa 1987 walisoma wakiwa chini ya kivuli cha mabomu halisi. Tarehe 21 Septemba 1987 Rais Ronald Reagan aliuambia Umoja wa Mataifa kuwa tofauti za mataifa zingetoweka upesi kama dunia ingekabiliwa na tishio kutoka nje yake. Moore hakuwa ameandika jambo lililo mbali na vinywa vya wakubwa. Lakini tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, Reagan na Mikhail Gorbachev walitia saini mkataba wa kuondoa makombora ya nyuklia ya masafa ya kati, na kufikia 1991 Umoja wa Kisovieti wenyewe ulikuwa umevunjika. Msomaji wa baadaye anajua kuwa Vita Baridi viliisha bila ngisi. Kwa hiyo anamwona Veidt kuwa muuaji aliyekosea hesabu, ilhali msomaji wa mwanzo huenda alimwona kuwa muuaji aliyepatia. Kitabu hakikubadilika. Historia ndiyo iliyobadilika.

Nasi Wakenya tuna upeo wetu. Baada ya ghasia za mwaka 2007 na 2008 tulijadiliana kwa miaka kama tuanze na ukweli au tuanze na amani, na tume ya ukweli, haki na maridhiano iliwasilisha ripoti yake mwaka 2013. Nilipowasimulia wanafunzi wangu mwisho wa Watchmen wakati wa saa za klabu, darasa liligawanyika mara moja. Mmoja alisema ni heri uongo unaolaza watu salama. Mwenzake, aliyekuwa kimya muhula mzima, akamjibu kuwa uongo huwalaza salama wale tu ambao hawakupoteza mtu. Sikuongeza neno. Hawakuwa wakizungumzia katuni tena.

Pengo la picha ya mwisho

Wolfgang Iser, mwenzake Jauss, alifundisha kuwa kila matini ina mapengo ambayo msomaji huyajaza. Toleo la 12 linamalizikia katika pengo. Mhariri wa lile gazeti dogo hana la kuchapisha kwa kuwa sasa si vizuri kuwatukana Warusi, naye anamwachia kijana wake uamuzi wote. Kijana ana fulana yenye uso unaotabasamu, na tone la mchuzi wa nyanya limeangukia juu yake. Mwanzo wa toleo la kwanza ulikuwa beji yenye uso huohuo na tone la damu ya Blake. Mwisho umeurudia mwanzo, na sasa mwenye kuamua ni mtu ambaye hakuna aliyemtegemea.

Ipo ishara nyingine ambayo msomaji wa kitabu kilichokusanywa anaweza kuikosa. Matoleo kumi na moja ya kwanza yalimalizia kwa nyongeza ya maandishi: sura za kitabu, barua, taarifa za hospitali, makala ya magazeti. La kumi na mbili halina. Hakuna waraka wa kutuambia kilichofuata. Mwandishi ameinua mikono.

Waandishi waliofuata hawakuweza kuvumilia pengo hilo. Katika mfululizo wa katuni wa Doomsday Clock ulioandikwa na Geoff Johns na kuchorwa na Gary Frank kati ya 2017 na 2019, shajara imechapishwa na siri ya Veidt imejulikana. Katika mfululizo wa televisheni wa HBO wa mwaka 2019, ulioundwa na Damon Lindelof, shajara nayo imetoka. Wengi wameipuuza, lakini kundi la wabaguzi wa rangi limeigeuza kuwa msahafu wake na kuvaa barakoa za Rorschach. Miisho hii miwili inaafikiana kuwa kijana aliiokota. Inatofautiana kuhusu maana ya ukweli unapofika katika mikono mibaya. Kila mmoja amejaza pengo kwa udongo wa wakati wake.

Mambo ya kuzingatia unapohakiki mwisho

Kutokana na mjadala huu, mtahiniwa azingatie yafuatayo:

1. Tenganisha hisia na hukumu. "Mwisho ulinihuzunisha" ni hisia. "Mwisho haufai kwa sababu haukuandaliwa" ni hukumu, na lazima ifuatwe na ushahidi.

2. Rudi mwanzoni. Linganisha tukio la kwanza na la mwisho, ishara ya kwanza na ya mwisho. Mwandishi makini hupanda mwisho wake katika sura ya kwanza.

3. Uliza nani amelipa gharama. Mwisho unaoitwa wa furaha huenda umewasahau baadhi ya wahusika. Wataje.

4. Tofautisha mhusika na mwandishi. Veidt anaamini jambo moja. Mpangilio wa picha unasema jingine. Hali ni hiyohiyo katika riwaya, tamthilia na hadithi fupi.

5. Liheshimu pengo. Kazi ikiachwa wazi, usiifunge kwa nguvu ili upate hoja ya tano. Eleza uwezekano uliopo, kisha useme ni upi unaoungwa mkono zaidi na matini.

6. Taja upeo wako. Msomaji wa leo na wa jana hawaoni jambo moja. Si aibu kusema unasoma ukiwa wapi na lini.

Nawe mwalimu mwenzangu, unaposahihisha, usitafute jibu ulilolizoea peke yake. Mwongozo ni msomaji mmoja tu aliyetangulia kusoma. Anaweza kuwa msomaji mzuri, lakini si wa mwisho.

Hitimisho

Tumeona kuwa wasomaji wa toleo la mwisho la Watchmen hawajaafikiana kuhusu kiumbe wa Veidt, haki ya tendo lake, hadhi ya Rorschach, wala uthabiti wa amani iliyopatikana. Tumeona pia kuwa kutoafikiana huko hakukuiua kazi. Kumeifanya isomwe, ipigwe darubini na kuandikwa upya na vizazi viwili. Kazi ambayo kila mtu anasema mwisho wake unafaa, tena kwa hoja tano zilezile, huenda haijasomwa na mtu yeyote.

Yule mwanafunzi niliyempa alama mbili alimaliza shule zamani. Insha yake sinayo, na alama zake siwezi kumrudishia. Lakini kila mwaka sasa, kabla ya kufungua sura ya mwisho ya kitabu kilichoteuliwa, huwaambia wanafunzi wangu waandike kwanza wanachotarajia, wakunje karatasi na kuiweka ndani ya kitabu. Tukimaliza kusoma, tunazikunjua. Ndipo uhakiki unapoanza. Jaribu katika darasa lako, kisha usahihishe kwa kalamu ya penseli kwanza.

Maswali ya marudio

1. "Kinachomkasirisha msomaji si lazima kiwe kosa la mwandishi." Jadili ukirejelea mwisho wa kazi yoyote uliyoisoma.

2. Linganisha na utofautishe mwisho wa jagina katika mighani ya jamii yako na kifo cha Rorschach kama kilivyoelezwa katika makala haya.

3. Eleza tofauti kati ya sadfa isiyoandaliwa na kisengere mbele. Toa mifano miwili ya kila mojawapo kutoka vitabu vilivyoteuliwa.

4. Je, amani iliyojengwa juu ya uongo ni mwisho mwema? Andika insha ya mjadala kuhusu swali hili.